Dakika Nane Nilizotoka Chumba cha Mvuke

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Hospitali, Daktari Mkuu, Matroni, madaktari na wauguzi wa zamu zote, mliofika hapa na mliobaki wodini kwa kuwa wagonjwa hawajui kwamba leo kuna sherehe, ndugu zangu wa dobi, wa jikoni, wa usafi na wa lango, wageni waalikwa, na wewe Mama Watoto, uliyewekewa kiti safu ya kwanza ukaenda kukaa safu ya tatu ili unikonyeze vizuri nikizidisha maneno: nawaamkieni nyote. Walio wakubwa kwangu, shikamooni. Nimeutazama ukumbi huu tangu nilipoingia nikawapata wawili tu, na mmoja wao amesinzia.

Chekeni, chekeni. Kicheko chenu kinanisaidia.

Nimepewa dakika kumi na tano. Mtu aliyekula mshahara wake miaka thelathini na mitatu kwa kuhesabu dakika hawezi kuwapunja wala kuwazidishia. Lakini nianze kwa kusema wazi jambo lililonikosesha usingizi wiki nzima, ili tusifichane.

Jumatano iliyopita Matroni aliniita ofisini kwake. Akanipa kiti, akafunga mlango, akaniambia, "Mwalimu, siku ya kuagwa kwako nataka useme na Mama Pacha. Mwambie akae pale Mungu alipomweka."

Nikamjibu, "Matroni, si umwambie wewe?"

"Mimi nimemwambia mara tatu. Ananiitikia 'ndiyo Matroni', halafu anaendelea kufungasha. Wewe atakusikiliza. Na akikukatalia faragha, mbele ya ukumbi mzima ataona haya."

Matroni, usiinamishe kichwa. Ulisema kwa nia njema, na ulisema kwa hofu, na hofu hiyo ni yangu pia. Kwa wageni wasiojua: Mama Pacha ndiye msaidizi wangu wa miaka tisa katika chumba cha mvuke, kule chini, chini hata ya dobi. Yule pale karibu na nguzo, mwenye mkono wenye kovu la kuungua, anayenitazama sasa kama anayetaka kunirushia kiatu. Ameomba kuhamishiwa mapokezi, ombi limekubaliwa, na anatakiwa kujibu kabla ya Jumatatu. Jumatatu hiyohiyo, saa moja asubuhi, mashine ya mvuke itawashwa, na mimi nitakuwa nimestaafu. Akipanda juu, kule chini hakuna mtu. Kuna wagonjwa watano wameandikwa kupasuliwa siku hiyo. Nimeyaona majina yao ubaoni nikipita, na tangu hapo kila ninapofumba macho nayasoma.

Kwa hiyo nilimwahidi Matroni kwamba nitalisema neno hilo. Nimekuja kulisema. Ila siwezi kulisema kabla sijawaeleza nililipataje, na mkishanisikia huenda mkaona sikuwa na haki ya kumwambia mtu yeyote.

Mnaniita Mwalimu, na wengi mnadhani ni heshima ya mvi. Nilikuwa mwalimu kweli. Huko nilikozaliwa nilifundisha historia miaka saba, katika darasa lenye madirisha pande mbili na ramani niliyoichora mwenyewe ukutani. Vita vilipotufikia tulivuka mpaka na begi moja, mke wangu, mtoto mgongoni, na cheti changu cha ualimu kikiwa kimelowa hadi muhuri umekuwa doa. Hapa nikaambiwa cheti hakisomeki, niandike barua kuomba kithibitishwe. Nikaandika. Wakati nasubiri majibu, nikapata kazi hii ya chumba cha mvuke. Nilimwambia mke wangu, "Ni ya miezi michache." Mama Watoto, ulinijibu nini? Haya, usiseme, nitasema mimi. Ulisema, "Miezi ina miguu, mume wangu, angalia isikuache."

Mtangulizi wangu tulimwita Babu Saa, kwa sababu hakuwahi kuvaa saa. Alikuwa na dakika kichwani. Siku yangu ya kwanza alinipeleka mbele ya ile mashine, pipa la chuma lenye mlango wa kufungwa kwa gurudumu, ileile tuliyo nayo hadi leo, yenye viraka kuliko suruali ya mwashi. Akanionyesha tunavyofanya: mikasi, vibanio na visu huoshwa, hufungwa ndani ya vitambaa kuwa bunda, bunda hufungwa kwa utepe mweupe, kisha huingizwa kwenye mvuke. Akanionyesha mshale wa kipimo na mstari mwekundu. "Mshale ukifika hapa," akasema, "unaanza kuhesabu dakika thelathini. Ukishuka chini ya mstari, hata kwa kupepesa jicho, unaanza tena moja."

Bunda likatoka, na ule utepe mweupe ulikuwa umepigwa mistari myeusi. Nikafurahi kama mtu aliyesahihishiwa mtihani. "Kumbe utepe wenyewe unasema kama vyombo viko tayari!"

Babu Saa akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, huo utepe ni mmbeya. Anakuambia mgeni amefika, hakuambii kama alikaa. Joto likigusa tu, unakuwa mweusi, liwe limekaa dakika mbili au thelathini. Aliyekaa na mashine ndiye anayejua. Na kama hakukaa, hakuna ajuaye chini ya jua hili."

Kisha akaninyang'anya kitabu nilichokuwa nimekibana kwapani. "Humu ndani unasoma mshale tu."

Ndugu wageni waalikwa, mnaweza kufikiria adhabu hiyo? Mtu aliyezoea kurasa mia tatu, apewe mshale mmoja wa kusoma, katika chumba kisicho na dirisha, chenye joto la kukausha mate, mara sita kwa siku, mwaka baada ya mwaka? Nilipolalamika, walionijibu walinijibu kwa sentensi moja, nayo ni hiihii niliyoombwa kuisema leo: kaa pale Mungu alipokuweka. Niwe mkweli kwa umri wangu. Wengi walionipa sentensi hiyo walikuwa wamekalia viti vyenye mito. Na mimi moyoni nilikuwa najibu: si Mungu aliyeniweka hapa, ni mizinga.

Nilikaa, lakini nilikaa kama mtu anayekaa kituoni. Kila mwaka niliandika barua kwa wizara kuulizia cheti changu. Miaka kumi na mmoja niliandika. Mwili wangu ulikuwa chini na mashine, masikio yangu yalikuwa juu, kwa karani wa barua.

Sasa nafika mahali ambapo nimepafuta na kupaandika upya mara nne katika karatasi hii.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, miaka ishirini na miwili iliyopita. Bunda la akiba lilikuwa limeshatumika. Ndani ya mashine kulikuwa na bunda moja, na juu, kwenye chumba cha upasuaji, alikuwa amelazwa mama mmoja wa uzazi wa kwanza ambaye mtoto wake alikuwa amekwama, mapigo ya moyo wa mtoto yakipungua. Daktari aliyekuwa akimsubiria vyombo alikuwa kijana, mwezi wake wa pili hapa. Daktari Mkuu, ulikuwa wewe.

Nilikuwa dakika ya kumi na mbili. Karani akaniita kutoka ngazini, "Mwalimu! Barua yako ya wizara imekuja! Ina muhuri!"

Nikamwambia, "Nishushie."

"Inatakiwa saini yako kwenye daftari. Panda mara moja, unaogopa mashine itakimbia?"

Ngazi zile ni arobaini na moja. Nilipanda nikizihesabu. Nikasaini, nikachana bahasha palepale kwa meno kwa kuwa mikono ilikuwa na jasho. Nikasoma. Barua ilisema kwamba wamepokea barua yangu na kwamba suala langu linashughulikiwa. Basi. Miaka kumi na mmoja, mistari miwili. Nikaisoma tena kwa kudhani kuna ukurasa wa pili. Na nikiwa nimesimama pale, taa za ukumbini zikazimika, zikawaka, zikazimika, zikawaka.

Waliofanya kazi kule chini wameshaelewa. Mashine ile inachemshwa kwa umeme. Nilishuka ngazi arobaini na moja sikumbuki hata moja. Nilipofika mshale ulikuwa juu ya mstari mwekundu, umetulia, kama kwamba hakuna lililotokea. Saa ya ukutani ilisema nimetoka dakika nane. Je, mshale ulishuka? Kama ulishuka, ulikaa chini muda gani? Ulishuka mara moja au mara mbili? Hakukuwa na mtu wa kumuuliza. Kanuni ilikuwa wazi kama mchana: nianze tena moja.

Nikasimama mbele ya mshale dakika kumi zilizobaki nikiutazama kana kwamba kwa kuutazama sana utaniambia ulichofanya. Ilipofika thelathini nikafungua. Utepe ulikuwa mweusi tititi. Nikasikia kidirisha cha kupitishia vyombo kikigongwa, na sauti yako, Daktari, "Mzee, tayari?"

Nikalitoa bunda, nikaliweka mezani.

"Mzee! Mtoto anakufa huku! Tayari au si tayari?"

Nikasema, "Tayari."

Nasikia minong'ono huko nyuma. Nong'oneni, mna haki. Mimi nimenong'ona peke yangu miaka ishirini na miwili.

Mtoto alitoka analia. Huyo Mungu alimpitisha. Mama siku ya tano akapandwa na homa, kidonda kikafumuka, akakaa wodini siku arobaini na tatu. Nilikuwa nampelekea uji kila jioni kabla ya kwenda nyumbani. Siku moja akaniuliza, "Kaka, kwani una mgonjwa humu?"

Nikamwambia, "Mgonjwa wangu ni wewe."

Akacheka huku ameshika tumbo. "Basi una bahati mbaya, ungejichagulia mwenye ndugu wapishi, ukapata na wewe cha kula."

Alitoka kwa miguu yake. Aliniaga kwa mikono miwili, akaniambia sijawahi kuona mtu mwenye utu kama wewe. Nikaipokea ile sifa, wazee wenzangu. Niliipokea nikaenda nayo nyumbani, na sikuweza kula.

Je, kidonda kile kilitokana na bunda langu? Sijui. Vidonda hufumuka kwa sababu nyingi, madaktari mliomo mnajua kuliko mimi. Na nimejiuliza mara nyingi: kama ningesema tuanze tena, na nusu saa ikapita, mtoto angeishi? Pengine uongo wangu ulimwokoa. Lakini nawaombeni msinifariji kwa hilo, maana nimeshalijaribu, halishiki. Kwa sababu palikuwa na jibu la tatu, lisilokuwa "tayari" wala "si tayari". Ningeweza kusema, "Daktari, sijui. Nilitoka dakika nane na umeme ukakatika." Ungeamua wewe. Pengine ungetumia vyombo vilevile, lakini ungetumia ukijua. Ungempa dawa kali tangu siku ya kwanza, ungekifungua kidonda siku ya pili badala ya ya tano. Nilikunyima neno moja ulilohitaji ili ufanye kazi yako. Kutoka chumbani ilikuwa udhaifu, na Mungu husamehe wanaopanda ngazi kufuata barua. Lakini lile neno "tayari" nililisema nikiwa nimesimama mahali pangu.

Baada ya siku ile sikuandika tena wizarani. Sikutoka tena chumbani mashine ikiwa imewashwa, hata siku binti yangu alipofaulu mtihani akaja kuniita mlangoni akilia kwa furaha. Nilimwambia, "Subiri dakika kumi na tisa, mwanangu," akasubiri. Na nyinyi mkaanza kunisifu. Mchungaji alinitaja kwenye mahubiri, shehe wa jirani alinitolea mfano: mtazameni Mwalimu, ameridhika na pale Mungu alipomweka. Mliita kuridhika, nami sikuwasahihisha. Ilikuwa hofu. Niliogopa mshale kushuka nikiwa sipo. Kama kuna siku hofu ile iligeuka kuwa kitu bora zaidi, siku hiyo sikuiona ikipita. Labda ilikuwa kidogokidogo, bunda moja baada ya jingine.

Sasa nije kwa Mama Pacha.

Alipoletwa kwangu, wanawe walikuwa wananyonya. Wiki ya kwanza aliungua mkono kwa mlango wa mashine. Alinisaili kuliko mkaguzi yeyote. Siku moja ya joto kali, kitambaa cha kichwani kimelowa kama kimetolewa dobi, akaniambia, "Mwalimu, hivi mimi Mungu aliniweka huku chini, au alikuwa anapita tu akanisahau?"

Nikamwambia sijui, maana swali hilo hata mimi nilikuwa nalo.

"Basi akirudi kunitafuta," akasema, "mwambie niko mapokezi, kwenye feni."

Mnamwona anatikisa kichwa? Anasema hakusema hivyo. Alisema.

Mwezi uliopita, Daktari Mkuu, kulikuwa na mgonjwa wa kidole tumbo. Mimi nilikuwa kliniki kwa ajili ya miguu yangu hii, na Mama Pacha alikuwa peke yake. Dakika ya ishirini na sita umeme ukapepesa. Aliuona mshale ukishuka kwa macho yake, ukagusa chini ya mstari, ukapanda. Akaanza tena moja. Kidirisha kikagongwa.

"Vyombo!"

"Bado dakika thelathini."

"Thelathini? Si ulisema zimebaki nne?"

"Zilikuwa nne. Sasa ni thelathini."

"Mama, mgonjwa ameshalazwa kitandani! Si utepe umeshakuwa mweusi?"

"Utepe utakuwa mweusi. Vyombo haviko tayari."

Waligonga kile kidirisha mpaka kioo kikapata ufa, mtaupima mkitaka, upo. Walimwita mkaidi, wakamwita maneno mengine ambayo sitayasema mbele ya Mwenyekiti. Hakufungua. Zilipotimia thelathini akafungua, upasuaji ukafanyika, mgonjwa akarudi kwake siku ya nne bila homa. Na wiki iliyofuata Mama Pacha akapokea barua ya onyo, kwa kosa la ukaidi na kuchelewesha huduma. Imo kwenye jalada lake. Imesainiwa na wewe, Daktari wangu, mtu ninayemheshimu, ambaye leo umenipa hii saa ya ukutani yenye jina langu.

Siku ileile aliyopokea onyo ndiyo siku aliyoandika ombi la kuhama. Matroni, ulifikiri anakimbia joto. Joto alilivumilia miaka tisa.

Nilipomuuliza kwa nini hukuniambia, akanijibu, "Nikuambie wewe, Mwalimu, ambaye hujawahi kukosea?"

Nilikaa kwenye lile benchi la mbao nikaona kwamba sifa zangu zote, mlizozijenga kwa miaka, zilikuwa zimemkalia binti yule kichwani kama tofali. Alidhani anapimwa kwa mtu mkamilifu. Kumbe alichofanya yeye kwa dakika moja, huku anatukanwa, ndicho mimi nilichoshindwa. Mama Pacha, umenishinda. Nakuambia mbele ya watu, kwa kuwa na sifa nilipewa mbele ya watu.

Kwa hiyo lile neno nililoahidi kulisema, nalisema sasa, lakini nawageukia nyinyi mlio na kalamu. Mnataka mtu akae pale Mungu alipomweka? Basi msimfukuze kwa barua. Mungu anaweka mtu kwa siri, sisi tunamwondoa kwa muhuri. Mwenyekiti, naomba onyo lile litolewe kwenye jalada lake. Naomba pia kule chini wawe watu wawili katika kila zamu, ili siku mmoja akiitwa na barua yake, au mwanawe, au tumbo lake, mwingine abaki na mshale. Na kuhusu hili nililolikiri leo, kama Bodi itataka kuniita, nipo. Nimemwandikia Matroni maelezo yangu kurasa mbili, nikaweka na tarehe ya siku ile. Kama mama yule atatafutwa na kupatikana, nitaomba nimwambie mimi, kwa mdomo wangu.

Na wewe Mama Pacha, barua yako ya mapokezi ijibu kwa mkono wako. Ukipanda juu, panda mchana kweupe, kichwa kikiwa juu, na usiruhusu mtu akuambie kwamba umemkimbia Mungu. Hata yeye nadhani mapokezi anapajua. Ukibaki, usibaki kwa ajili ya mzee anayelia kwenye kipaza sauti.

Limebaki suala la Jumatatu, na hapa Mama Watoto utanisamehe kwa kuwa nitasema nililokuahidi sitalisema.

Jumatatu tulikuwa tusafiri. Baada ya miaka thelathini na minne mpaka umefunguliwa, watoto wamechanga, tiketi ziko kwenye kabati chini ya mashuka. Dada yangu yuko kule. Ana miaka themanini na moja, na ndiye pekee aliyebaki kati yetu sita tuliolala chumba kimoja. Kifua chake si kizuri. Juzi nilimpigia simu.

"Dada, vipi nikichelewa wiki mbili?"

Akaniuliza, "Wiki mbili za nini tena?"

"Kuna chumba hapa kazini hakina mtu. Nataka nifundishe wawili, niondoke."

"Si umestaafu wewe?"

"Nimestaafu."

"Wewe tangu utotoni hivyohivyo," akasema. "Mama anakuambia shika taa kidogo, anaingia ndani, anasahau, sisi tunakula tunamaliza, wewe umesimama uani na taa." Akakohoa, kikohozi kirefu. Nilimhesabia, mnisamehe, ni tabia. Kisha akasema, "Haya. Fundisha, uje. Mimi huku nitajitahidi."

Nitajitahidi! Nimelibeba neno hilo siku tatu na sijapata mahali pa kulitua. Mke wangu alilia, akakasirika, akafua mapazia yote ya nyumba, halafu akaniambia, "Siku kumi na nne. Ya kumi na tano napanda basi na wewe au bila wewe." Tiketi tumezibadilisha jana.

Kwa hiyo Jumatatu saa moja nitakuwa chini, kama mtu wa kujitolea. Matroni niletee watu wawili wa kufundisha, wenye macho na wasioona haya kusema hawajui. Mkichelewa kuwaleta, mnachelewesha siku za dada yangu, wala si zangu. Wanasema nikae nilipowekwa. Mimi nimewekwa mahali pawili, ndugu zangu, na mwili ni mmoja. Sina hakika kama nimechagua vyema. Kama Mungu atanifikisha nimkute, sijui. Mmesikia? Nimelisema lile neno "sijui" mbele ya ukumbi mzima, na paa halijatuangukia.

Mheshimiwa Mwenyekiti, Daktari Mkuu, nashukuru kwa miaka mliyonihifadhi nilipokuwa sina pa kwenda. Nawashukuru wa jikoni kwa chai ya saa nne, wa dobi kwa vitambaa visivyo na tundu, na wewe mke wangu kwa kunyamaza pale ulipoweza kusema. Sitaki zawadi nyingine. Nataka, kabla hatujainuka, mmoja wa hao wawili anyooshe mkono, nijue nani atashuka nami Jumatatu. Nitasimama hapa nisubiri.

Asanteni kwa kunivumilia mpaka dakika ya mwisho.